Kiti Kilichosogezwa

Jumamosi adhuhuri, nje ya jengo la maduka, watu walipishana kama siafu. Matoroli yanagongana, watoto wanalilia aiskrimu, mlinzi wa maegesho anapuliza filimbi kana kwamba analipwa kwa kila mlio. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mrefu, gauni la kijani limembana kiunoni, aproni nyeupe bado iko shingoni. Alikuwa anaikinga keki ya harusi ya ghorofa tatu iliyokuwa juu ya toroli, kama kuku anayekinga vifaranga.

Teksi aliyoiita ilikuwa imefika, lakini buti lake lilikuwa dogo kama droo ya kabati.

"Dada, tuilaze kidogo," dereva akashauri.

"Tuilaze? Hii ni keki, si godoro!"

Dereva akaondoka zake. Ukumbini watu walikuwa wanasubiri, mama wa bibi harusi alishapiga simu akiwa karibu kulia, na krimu ilianza kutoa jasho. Ndipo mwanamume mmoja mwenye shati la bluu na viatu vyenye vumbi jekundu alipoweka chini mifuko yake ya manunuzi.

"Gari langu liko pale. Itaingia."

"Kaka, sina muda wa mzaha."

"Wala mimi. Kazi yangu ni kupima ardhi. Nikikuambia itaingia, itaingia."

Lilikuwa gari la familia, lile fupi lililonyanyuka juu, rangi ya fedha, lenye mchubuko kwenye bampa. Akang'oa viti viwili vya watoto, akakunja viti vya nyuma, akafagia makombo ya biskuti kwa kiganja. Keki ikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Gari likapanda matuta na kushuka bila kugusa chini.

"Gari lako lina adabu," mwanamke akasema, shingo imegeuka nyuma kuiangalia keki.

"Huyu ni Bi Mkubwa. Ndivyo ninavyomwita. Amenivumilia mengi."

"Kama yeye ndiye Bi Mkubwa, basi utakayemwoa atakuwa bi mdogo."

Mpima akacheka. "Nilishaoa, tukaachana. Nina mapacha, wanaishi na mama yao. Na wewe, Twiga?"

"Umeniita nani?"

"Kichwa chako kinagusa dari."

Alitaka kukasirika, akajikuta anatabasamu dirishani. "Mimi sina mtu. Niliyekuwa naye alikuwa na wengine wawili, na wote tulikuwa tunamfulia mashati. Ndiyo maana nakuambia mapema: mimi nina wivu. Si wa kuigiza. Wivu wenyewe."

"Ahsante kwa onyo," Mpima akasema kwa heshima, na kabla hawajafika ukumbini alikuwa ameshatamani kuonywa tena.

Mapenzi yao yakawa ya simu na ya wikendi. Kila Jumatatu Mpima alipanda pikapu ya ofisi kwenda kupima mashamba mbali na mji, akarudi Ijumaa jioni akinuka jua.

"Twiga wangu, umekula?"

"Nimekula makombo ya keki."

"Na mimi nimekula vumbi. Tubadilishane."

"Vumbi halina sukari, baba. Rudi upewe lenye sukari."

Na Bi Mkubwa je, wiki nzima anakaa wapi? Twiga aliuliza mara moja tu. "Analitumia dada yangu," Mpima akajibu haraka. "Ni mkunga, zamu zake zinaanza alfajiri." Twiga akaona mume mtarajiwa anayemjali dada yake ni dalili njema.

Lakini Jumamosi ya kwanza aliyopewa ufunguo apeleke keki mwenyewe, gari limetoka kurudishwa asubuhi hiyo, alifungua mlango, akaingia, na magoti yake yakagonga dashibodi. Kiti kilisogezwa mbele hadi kilikaribia kuubusu usukani. Kioo cha ndani kilitazama chini, kama cha mtu anayejiangalia kidevu.

"Dada yako ni mfupi kiasi hiki?"

"Eeh," Mpima akasema, akiukagua upepo wa tairi lisilo na tatizo. "Kafupi."

Twiga akavuta kiti nyuma, akanyanyua kioo, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata, magoti tena. Na iliyofuata. Safari hii alikuta pini za nywele kwenye kishikio cha vikombe, redio imefunguliwa kwenye kipindi cha salamu za wapendanao, na chupa ya maji yenye alama ya rangi ya mdomo, nyekundu iliyoiva.

Wivu ni kama kijiwe ndani ya kiatu. Unatembea nacho, unajiambia si kitu, huku umeshaanza kuchechemea. Twiga akafikia hatua ya kuunusa mkanda wa gari kabla ya kuufunga. Ulinukia waridi. Si waridi la sabuni. Ni marashi ya mwanamke anayejua anakojipaka.

"Dada yako anapenda marashi ya waridi?" akauliza siku moja, wakiwa wanamwosha Bi Mkubwa pamoja, povu limewafika viwikoni.

"Anapenda."

"Na rangi ya mdomo saa kumi na moja alfajiri? Anaenda kuzalisha au kuposwa?"

"Twiga, unampeleleza dada yangu?"

"Namjua tu wifi yangu," akajibu, na akamrushia maji, wakacheka. Lakini cheko lake lilikuwa la meno tu.

Wiki hiyo hiyo, Jumatano, mteja aliingia kwenye duka lake la keki, pale pale jengo la maduka. Alilazimika kuinama mlangoni. Mwanamke mrefu, mwembamba, sare nyeupe ya ukunga, mikono miwili imenyooshwa.

"Wifi! Nimechoka kusikia habari zako, nimeona nije nikuone mwenyewe. Nataka na keki ya kumuaga mwenzetu anayestaafu."

Twiga akakumbatiwa. Pua yake ikatafuta waridi. Ikapata harufu ya dawa ya hospitali. Macho yake yakawa sawasawa na macho ya wifi yake, paji kwa paji.

"Umekuja na Bi Mkubwa?" akauliza polepole.

"Mimi? Mwenzangu, mimi hata baiskeli siijui! Usukani nauogopa kama nyoka. Gari si analo mama pacha, anapelekea watoto shu..." Dada wa watu akaufunika mdomo kwa kiganja, lakini maneno yalishatoka nje na kuvaa viatu.

Twiga alisubiri wifi yake aondoke. Kisha akapiga simu.

"Mpenzi! Leo umenikumbuka mchana..."

"Dada yako ni mrefu."

Upande wa pili ulisikika upepo, na mtu akiita kwa mbali.

"Dada yako ni mrefu, Mpima. Na hajui kuendesha."

"Twiga, nisikilize. Gari tulinunua wote wawili. Tulipoachana tuligawana vyombo, tukagawana mpaka vikombe. Gari halikatiki. Watoto lazima wafike shule."

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ulisema una wivu."

"Kwa hiyo ukaona unipe na sababu?"

Akakata. Simu ikaita, ikaita. Akaizamisha kwenye debe la unga, ikaendelea kulia humo ndani kama mtoto aliyefungiwa.

Mpima alirudi Ijumaa, akaja dukani, akakuta pazia limeshushwa. Akaja tena Jumapili amevaa shati jipya, akasimama barazani mpaka aibu ikamfukuza. Twiga alimtazama kupitia tundu la pazia na moyo ukamuuma, lakini palipouma zaidi si kwenye gari. Mtu na mtalaka wake wakishirikiana kulea watoto, huo ni uungwana. Kilichomuuma ni kwamba kila wikendi alikalia kiti chenye joto la mwanamke mwingine, akacheka, akaimba, na mwenye kujua alikuwa mmoja tu. Akajiona kama mgeni aliyetandikiwa shuka lililolaliwa.

Na bado alitaka kumwona. Si Mpima, yeye, mwenye waridi. Mfupi, lakini mfupi wa namna gani? Mzuri? Mdogo? Alikuwa akipamba keki za watu huku akimchora mwanamke huyo kichwani, na kila alipomchora alizidi kupendeza.

Siku moja mchana akavua aproni, akaenda nyuma ya jengo, mahali wanapoosha magari, alikomwona Bi Mkubwa akiingia. Hakujidanganya kwamba anapita tu. Na kweli, katikati ya mabomba na povu, Bi Mkubwa alikuwa anaoshwa. Kwenye kiti cha plastiki alikaa mwanamke mfupi, mnene wa kupendeza, gauni la zambarau, midomo myekundu. Waridi lilimfikia Twiga kabla hajamfikia mwenyewe.

"Samahani, dada. Gari hili ni lako?"

Yule akainua macho, akainua, akaendelea kuinua. "Kumbe ndiye wewe."

"Mimi nani?"

"Mwenye miguu. Kila Jumatatu naingia kwenye gari siufikii usukani. Kiti kiko nyuma kabisa, utadhani wikendi nzima lilikuwa linaendeshwa na twiga."

Twiga akashtuka. Jina lile lilikuwa la faragha, la kunong'onezwa kwenye simu. Kulisikia kwenye midomo ile myekundu kukamchoma kama mafuta ya moto.

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema ni fundi anayejaribu breki." Mama Pacha akakunja mikono. "Fundi gani wa breki anamwaga unga wa ngano kwenye buti? Fundi gani anaacha waridi la sukari chini ya kiti? Binti yangu alilila!"

"Mimi aliniambia wewe ni dada yake."

"Dada yake! Huyu mtu Mungu alimpa akili ya kupima mashamba tu."

Twiga alikuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, lakini kicheko kilimtangulia. Mama Pacha naye akacheka, mpaka waosha magari wakageuka. Halafu kicheko kikaisha, kikawaacha wamekaa wanatazama povu likitiririka.

"Unamtaka?" Twiga akauliza.

"Simtaki. Nilipoachana naye nilipata usingizi." Mama Pacha akazungusha ufunguo kidoleni. "Lakini sikudanganyi. Siku nilipokuta unga, nilipandisha vioo nikalia. Wivu hauulizi kama bado unampenda mtu, dada yangu. Unauliza tu nani amekaa mahali pako."

Twiga akautazama mkanda wa gari kupitia dirisha lililolowa. Alikuja kumwona adui, akamkuta mtu aliyekuwa akinusa mkanda ule ule.

"Jumamosi mapacha wanasherehekea kuzaliwa," Mama Pacha akasema, akisimama. "Wanataka keki yenye umbo la gari. Nitengenezee. Na uilete wewe mwenyewe. Nataka nimwone uso atakapokuona."

Jumamosi hiyo, Bi Mkubwa alipoingia kwenye ua uliojaa maputo na watoto, Mpima ndiye aliyefungua geti. Wiki zile bila Twiga zilimkondesha, shati lilimning'inia. Akaenda moja kwa moja mlango wa dereva.

"Mama Pacha, mbona mmechele..."

Mlango ukafunguka, mguu mrefu ukatoka. Kisha gauni jeupe. Kisha Twiga mzima. Nyuma, Mama Pacha alikuwa ameikumbatia keki, na uso wake ulikuwa umeng'aa kama wa mtu anayeangalia mpira timu yake inaongoza.

Mpima akatazama huku, akatazama kule, akashika geti.

"Fundi wa breki amefika," Mama Pacha akamwambia.

"Na dada yako pia," Twiga akaongeza.

Dada halisi alikuwa barazani na sahani mkononi. Akaiweka chini asipitwe na neno.

"Nimewadanganya wote wawili," Mpima akasema, sauti imekauka. "Twiga, niliogopa ukijua utanikimbia. Na wewe, Mama Pacha, niliona nikuepushie kuumia."

"Hukuniepushia. Ulinifanya mjinga ndani ya gari langu mwenyewe."

"Sisi si mashamba, Mpima," Twiga akasema. "Huwezi kutuwekea nguzo katikati tusionane."

"Basi gari libaki hapa kwa watoto moja kwa moja. Mimi nitatembea kwa miguu."

"Na keki zangu zibebwe na nini, mgongo wako? Gari libaki lilivyo. Uongo ndio ushuke."

"Ushuke," Mpima akakubali. "Umeshashuka."

Watoto wakavamia keki. Mapacha wakagombania magurudumu. Katika purukushani hiyo Mama Pacha alimpita Mpima na, bila kufikiri, akanyoosha mkono kumtengeneza kola. Twiga aliona. Kijiwe kile cha siku zote kikarudi kiatuni. Mama Pacha naye akamwona anavyoona, akaurudisha mkono.

"Samahani. Mazoea."

"Mazoea hayana kosa," Twiga akasema, akasogea, akaitengeneza kola mwenyewe, taratibu, mbele za watu. "Ila hii kola nitaishughulikia mimi."

"Ichukue," Mama Pacha akasema kwa sauti ndogo, kisha akaita watoto wanawe mikono na hakugeuka kwa muda. Twiga akauheshimu mgongo ule.

Mpima alimvuta pembeni, karibu na tangi la maji. "Nilikuwa na maneno marefu. Yamepotea yote. Nioe... yaani, nikuoe?"

"Hata hilo umelikosea."

"Nikuoe, Twiga?"

Alimwacha ateseke kidogo, alistahili. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake mzazi, akaweka kidole mdomoni ili Mpima anyamaze.

"Mama, Jumapili ijayo nitakuletea mgeni. Ndiyo. Mwanamume. Ndiyo, mama, wa kweli safari hii."

Sauti ya mama ikasikika hadi kwa Mpima, na furaha yake yote: "Ana kazi?"

"Anapima ardhi."

"Ana gari?"

Twiga akamtazama mwanamume yule aliyesimama na krimu kwenye kidevu, akiwa amezuia pumzi.

"Ana nusu," akasema. "Ni hadithi ndefu, mama. Wewe pika tu."