Mwenye Mgonjwa

Asubuhi hiyo Daktari Lyamba alikaa kwenye benchi la chumba cha dharura ili afunge kamba za viatu, akaruka kama aliyekalia siafu. Benchi lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha lilikuwa upande wa pili. Lilikuwa joto la makalio, la mtu mzima aliyekaa hapo muda mrefu na kuondoka sasa hivi. Na chumba kilikuwa kimefungwa tangu jana, ufunguo anao yeye mfukoni.

"Sista," aliita kwa sauti ya chini, "njoo uguse hapa."

Sista Vénérande, muuguzi aliyekulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, aligusa kwa ncha ya kidole. "Yesu wangu. Amekaa humu tena?"

"Usiseme 'amekaa.' Watahini wanafika leo."

Lyamba alikuwa na kitambi cha heshima, redio ya betri na wake za watu waliomwita baba kwa kuwaokolea watoto. Alichokosa ni kuthibitishwa. Miaka ile ya tisini utaratibu mpya ulitaka anayesimamia chumba cha dharura atahiniwe kwa vitendo, kwa mgonjwa halisi. Mara ya kwanza, Tabora, alimkosa mgonjwa akachoma sindano kwenye godoro. Mara ya pili, Mbeya, alieleza vizuri sana ugonjwa wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hii ilikuwa ya mwisho. Akianguka, angepelekwa kugawa dawa za minyoo kwenye zahanati ya porini, na hospitali hii ya Mpanda ingebaki na chumba cha dharura kisicho na daktari.

Benchi lile lilikuwa la mwenye mgonjwa. Kila anayeletwa hospitali huja na mtu wake, naye hukaa pale kichwani pa kitanda, na swali la kwanza la daktari huwa, "Mwenye mgonjwa ni nani?" Lakini majeruhi wengine hutupwa getini na dereva anayeogopa maswali ya polisi. Mwezi ule waliletwa watatu wa namna hiyo, majeraha ya kawaida tu. Lyamba aliuliza kama alivyofundishwa, na kutoka kwenye benchi tupu ikajibu sauti laini, ya adabu, kama ya shemeji anayeomba chumvi: "Mimi hapa." Ikafuata harufu ya nta inayoungua. Wote watatu walikata roho kabla dripu haijaanza kudondoka.

Benchi walilitoa, wakaweka kiti. Kiti nacho kikapata joto. Wakarudisha benchi, wakamwita mganga Manyanda kutoka Majimoto. Aliishia mlangoni. "Hili jini siliwezi," alinong'ona. "Halina ugomvi na nyie. Linataka watu wake. Asiye na mtu, likijitaja kuwa ndilo mwenyewe, basi ni wake." Akaondoka bila hata kudai kuku.

Watahini walishuka kwenye treni ya Tabora wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mkubwa wao, Daktari Matilda, alikuwa mama mwembamba asiyecheka. Jua lilipofika utosini, pikapu ilifunga breki getini, ikashusha kijana mmoja mchunga ng'ombe, ikatimua. Alikuwa Kashinje, mmoja wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Dume lilimpiga pembe ubavuni. Alipolazwa kitandani chumba cha dharura, midomo ilikuwa ya bluu, na kifua kimevimba upande mmoja.

"Mtahiniwa, anza," alisema Daktari Matilda.

Lyamba alinyoosha mikono. Kwenye benchi, ubao ulilia kwa uzito, ukapinda katikati polepole.

"Huulizi historia?"

"Mheshimiwa, huyu hana muda wa historia."

"Unakatwa alama hapo. Kwani mwenye mgonjwa yuko wapi?"

Harufu ya nta iliingia kama mtu anayefungua mlango, na Lyamba akasikia pale benchini kitu kikivuta pumzi ili kijibu, pumzi ndefu, yenye adabu, isiyo na haraka, na akajua kuwa ikitoka tu na kuwa neno, kijana huyu naye ataondoka, na yeye daktari atabaki mikono hewani kama mwizi, kwa hiyo kabla hajafikiri mtihani wala zahanati ya porini alipiga kelele, "Ni mimi! Mwenye mgonjwa ni mimi!" akajitupa kwenye benchi kwa kitambi chake chote, na hakukalia ubao, alikalia mapaja.

Mikono ikamzunguka kiuno.

"Sista," alisema, meno yakigongana, "sindano nene. Upande uliovimba. Shika katikati ya mfupa wa mtulinga, shuka mpaka nafasi ya pili kati ya mbavu. Pitisha juu ya ubavu wa tatu. Choma!"

"Mimi?"

"Mimi nikisimama amekufa. Choma, dada!"

Vénérande akachoma. Hewa ikatoka kifuani kwa mluzi. Kashinje akakohoa, akaita mama yake kwa Kisukuma, na midomo ikaanza kurudiwa na rangi.

Lyamba hakusimama mpaka alasiri, mama wa kijana alipofika akihema na kusema yeye ndiye mwenye mgonjwa. Ile mikono ikamwachia kidole kimoja kimoja.

Daktari Matilda alimsubiri uani. Hakutaka kurudi ndani. "Nilitaka kukuangusha kwa kukaa kitako mgonjwa akifa. Halafu nikaona shati lako linavyobanwa." Akasaini karatasi ya alama. "Umefaulu. Umethibitishwa. Chumba kile ni chako, Lyamba, mpaka ustaafu."

Kabla hajamaliza, lori lilifunga breki getini. Kitu kizito kikaanguka, lori likatimua. Pale uani watu wote wakamgeukia daktari aliyethibitishwa.

Alikimbia chumbani, majeruhi akibebwa nyuma yake. Vénérande alimtangulia mlangoni.

"Safari hii tumia mikono yako," alisema. "Nakaa mimi."

Akapiga ishara ya msalaba, akakaa. Uso wake ukakunjamana, kama aliyeingia kwenye maji ya baridi.

"Fanya haraka, baba," alinong'ona. "Ameshanishika."