Anjula na Mashine ya Presha

Kila mwaka kabla ya Diwali, Anjula huosha trekta lao kwa ndoo na brashi. Mwaka huu shemeji yake alimwazima mashine ya presha, ile ya kuoshea magari kwa maji yanayoruka kwa nguvu. Trekta liliporudi kutoka kwenye miwa, hata halijapoa, akaanza kazi. Tope likaruka. Rangi nayo ikabanduka hapa na pale, lakini Anjula alikuwa akicheka.

"Taratibu, mama," mumewe Dharmen akasema. "Litakukimbia hilo."

"Nenda kapike. Mimi niko kazini."

Asubuhi yake trekta halikuwaka. Lilikohoa mara mbili, likanyamaza. Nyuma yake lilikuwepo tela lililojaa miwa. Zamu yao ya kupeleka miwa kiwanda cha sukari ilikuwa saa nane mchana. Wakiikosa, wangengoja siku nne, na miwa iliyokatwa hukauka ikapungua sukari.

Anjula akamwita jirani yao Litiana, fundi wa matrekta. Litiana akafungua boneti, akatabasamu.

"Dada, hili umeliosha au umelizamisha?"

"Nilitaka ling'ae."

"Kung'aa linang'aa. Kama bwana harusi aliyeanguka mtoni."

Akachomoa betri, akaanza kukausha nyaya kwa kitambaa, moja moja. "Maji ya presha hupenya hata mahali mvua haifiki. Huingia kwenye nyaya, husukuma grisi itoke kwenye beringi. Na injini ya moto ukiimwagia maji ya baridi, chuma huweza kupasuka."

Anjula akagusa rejeta. Vibati vyake vyembamba vya kupitisha hewa vilikuwa vimepinda. "Na hivi ni mimi?"

"Ulisogea karibu mno." Litiana akavinyoosha polepole kwa ncha ya kisu.

"Basi nirudi kwenye ndoo?"

"Hapana. Ngoja injini ipoe. Chomoa betri. Funika nyaya, alternata inayochaji betri, na tundu la kuingizia hewa kwenye injini, kwa plastiki. Tumia ncha inayotawanya maji, simama hatua moja nyuma, na usiyaelekeze kwenye beringi. Rejeta ipe maji ya bomba la kawaida. Ukimaliza, funua, liache likauke, kisha tia grisi."

"Umesikia, mama?" Dharmen akauliza.

"Nimesikia. Grisi ni kazi yako."

Saa sita trekta likawaka. Saa nane kasoro robo walikuwa kwenye foleni ya kiwanda.

Jumamosi Dharmen alirudi na trekta kutoka shambani, akalishika bomba la mashine.

"Weka chini," Anjula akamwambia. "Injini bado ya moto. Kanywe chai kwanza."

Baada ya chai, injini ikiwa imepoa, Anjula akafunga plastiki, akahesabu hatua yake moja, akaosha. Dharmen akatia grisi bila kuambiwa. Jumapili Anjula akageuza ufunguo mara moja tu, trekta likanguruma, safi, na rangi iliyobaki yote mahali pake.