Daktari Avue Viatu

"Ukisimama kesho kutwa mbele ya mkurugenzi ukasema hayo, usiniambie tena kwamba unanipenda."

Alisema hivyo huku akifunga mlango wa chumba chake ili dada wa mapokezi asisikie. Dada wa mapokezi, ninavyomjua mimi, alishasikia.

"Daktari, nimesema kliniki ina tatizo. Sijasema wewe ndiye tatizo."

"Foleni inakwama mlangoni kwa nani?"

"Kwako."

"Basi umenisema mimi."

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya watoto wenye usonji na wanaochelewa kuzungumza, na mkurugenzi alikuwa amenikabidhi kazi ya kuongoza uboreshaji wa huduma. Wenzangu wakanibatiza Sista Tujaribu, maana kila wazo likiletwa mezani nilisema tujaribu kwanza kwa mtoto mmoja, tuone. Na Daktari ndiye mwanamume niliyempenda. Mpole, mcheshi, ila mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Unataka nini hasa?" akauliza.

"Tuwaone watoto pamoja. Wewe, mimi, mtaalamu wa usemi na mtaalamu wa mazoezi, chumba kimoja. Mzazi aeleze mara moja tu. Mtoto acheze kwenye mkeka, na sisi tukae chini naye."

"Mimi nikae kwenye mkeka?"

"Bila viatu."

"Nimesoma miaka yote ile ili nije nivue viatu kazini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama yangu anakuja mwisho wa wiki kukuona," akasema. "Nimwambie nini? Kwamba mkwe wake ananianika hadharani?"

"Mwambie mkwe wake yuko kazini."

Nikatoka. Jioni simu ikalia, ujumbe kutoka kwake: "Fikiria vizuri. Sitaki kukupoteza." Nikaandika "Na mimi sitaki," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Kama ningenyamaza mkutanoni, ningeolewa kwa amani, na wale watoto wangeendelea kulia kwenye benchi zetu.

Asubuhi nilisimama getini. Nilikuwa nimepanga kuifuata familia moja tangu inaingia hadi inatoka, chumba kwa chumba, nione kwa macho yangu wanayoyapitia. Ya kwanza kupita getini ndiyo ningeifuata.

Akaingia mama mmoja mtu mzima, mtandio wa zambarau, mkoba mkubwa kwapani, kashika mkono wa binti mdogo. Binti naye kashika kifuniko cha kopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Sista Tujaribu?"

"Nani amekuambia?"

"Watu husema." Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kama anayechagua kitambaa dukani.

Nikamweleza kwamba ningependa kutembea naye siku nzima, ila sitamrusha foleni wala kumsemea. Nitaangalia tu.

"Yaani unifuate kama kivuli?"

"Ukikubali, mama."

"Nifuate. Na mimi nitakuwa nakuangalia wewe."

Nikadhani anatania.

Binti alikuwa mtoto wa jirani yake. "Mama yake akienda kazini nashinda naye mimi," akaniambia. "Ana miaka minne. Hajatamka neno, lakini usidhani hajui. Jaribu kuficha kifuniko chake uone."

Chumba cha kwanza wakamuuliza mama, mtoto alikaa lini, akatambaa lini, akatembea lini. Akajibu vizuri. Chumba cha pili wakamuuliza mtoto alikaa lini, akatambaa lini, akatembea lini. Akajibu, ila sasa kwa mkato. Cha tatu hakusubiri swali.

"Alikaa, akatambaa, akatembea, na sasa amechoka," akasema. "Na mimi pia."

Binti kila alipokuwa ametulia anazungusha kifuniko chake sakafuni, jina liliitwa na akang'olewa hapo alipo. Mara ya tatu akaingia chini ya meza akapiga kelele, mikono masikioni. Nikajikuta nimelala kifudifudi na sare yangu nyeupe, nazungusha kifuniko pole pole bila kusema kitu. Kikazunguka, kikaanguka. Nikazungusha tena. Mwishowe mkono mdogo ukatoka chini ya meza kukidai. Nilipoinuka, yule mama alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango wa Daktari. Benchi ile ni ndefu, na ilikuwa imejaa.

"Una mchumba?" akaniuliza ghafla.

"Ninaye. Ila tangu jana sijui kama bado ninaye."

"Mtu mbaya?"

"Hapana, mama. Akiwa na mtoto mmoja mbele yake, humsikiliza kama vile hakuna mwingine duniani. Humuuliza mzazi kila kitu upya, asikose hata kidogo. Shida ni hawa walio nje. Yeye hawaoni."

"Si unyamaze kwanza, uolewe? Mengine utasema ukiwa ndani."

"Nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote. Na huyu je?"

Binti alikuwa amelala mapajani mwake, kifuniko kifuani. Yule mama akamfunika kwa mtandio wake.

Dada wa mapokezi akaja. "Poleni jamani. Daktari amemaliza muda wake, ametokea mlango wa nyuma. Mliobaki mtarudi wiki ijayo."

Benchi nzima ikashusha pumzi. Mama akasimama, akaangalia nje dirishani, akatikisa kichwa.

"Huyu daktari wenu ana mama?"

"Anaye."

"Ningependa sana kuonana na huyo mama."

Nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Anakuja mwisho wa wiki."

"Amechelewa," akasema.

Nikamwomba arudi kesho yake kwenye mkutano, aseme mwenyewe aliyoyaona. Akakubali bila kufikiri. "Nitavaa vizuri," akaahidi.

Siku ya mkutano Daktari alikaa upande wa pili wa meza, macho kwenye kalamu yake. Mkurugenzi akanipa nafasi.

"Sina maelezo marefu," nikasema. "Tuna madaktari na wataalamu wazuri. Lakini mtoto anawaona mmoja mmoja, anaanza upya kila mlango, na wengine hawafiki mlango wa mwisho. Nimemleta aliyekaa kwenye benchi zetu."

Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mama. Daktari akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama?"

"Kaa, mwanangu. Bado sijafika kwako."

Nilishika meza. Nilikuwa nimemweleza mama mkwe, mdomo kwa sikio, kila kasoro ya mwanawe.

"Sitadanganya," mama akamwambia mkurugenzi. "Sikuja kwa ajili ya foleni yenu. Nilikuja kumchungulia mkwe. Jirani alitakiwa kumleta mtoto, nikasema nitampeleka mimi, huko huko nimwone huyo mchumba kabla hajajua kama ninamwona. Nimemwona. Alilala sakafuni kwa ajili ya mtoto asiye wake. Basi ya mkwe yameisha hapo. Sasa ya kwenu."

Akasimulia. Alisimulia vyumba, benchi, makelele, yote. "Nimeeleza huyu mtoto alitambaa lini, mpaka nikaanza kujisikia mwongo. Kisha naambiwa Daktari ameondoka. Nikachungulia dirishani, nikaona kisogo kinaenda zake. Nimekizaa kile kisogo, nakijua."

Mkurugenzi akakohoa kuficha kicheko.

"Mama, mbona hukunipigia simu?" Daktari akauliza kwa sauti ndogo. "Ningetoka nikuone mara moja."

"Na wale wengine kwenye benchi, wao wampigie nani?"

Daktari alitazama meza, akamtazama mama yake, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tugombane, akanitazama mimi.

"Mkurugenzi," akasema, "naomba tujaribu. Mtoto mmoja."

"Lini?"

"Mtoto yuko nje na dada wa mapokezi," mama akadakia.

Tukatandika mkeka katika chumba cha mazoezi. Wataalamu wakavua viatu, nami nikavua. Daktari akasitasita, akainama, akafungua kamba. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kimetoka nje chote.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa anakataa," mama akasema.

Tulicheka mpaka mtaalamu wa usemi akafuta machozi. Daktari naye akacheka, cheko lake lile lile lililoniponza tangu mwanzo. Kisha tukakaa. Mama akaeleza mara moja, sote tukisikia, na mmoja akiuliza mwingine hakuhitaji kuuliza. Binti akazunguka mkeka pembeni, akatukagua. Akasimama mbele ya kile kidole gumba, akakigusa. Halafu akamwekea Daktari kifuniko kiganjani.

"Anakuomba uzungushe," mtaalamu wa usemi akanong'ona.

Daktari akazungusha vibaya, kikaanguka. Binti akakamata vidole vyake, akavipanga sawasawa kwenye kifuniko, akamtazama usoni, akangoja. Kikazunguka. Binti akacheka kwa sauti, na Daktari akageuza uso ukutani kidogo, akijifanya anatafuta kalamu.

Baadaye akanikuta koridoni, viatu vyake bado mkononi.

"Nilipokaa nyuma ya meza, hakuna mtoto aliyewahi kuniletea kitu," akasema. "Samahani. Niliogopa kuonekana mbaya, nikataka wewe ndiye unyamaze."

"Nimekusamehe. Soksi ndiyo sijaisamehe."

"Bado unanipenda?"

"Si ulisema nisikuambie tena?"

"Nafuta kauli."

"Nakupenda, Daktari."

Nyuma ya dirisha la mapokezi mtu akapiga kofi moja, kisha akajifanya anapanga karatasi.

Kliniki sasa inawaona watoto hivyo, mkekani, na ile benchi ndefu tumeipeleka bustanini. Mwisho wa wiki ile familia zetu zilikutana nyumbani kwetu. Baba yangu akaniuliza tulikutanaje, nikaanza kueleza. Mara shangazi akaingia, naye akataka nianze upya. Mama mkwe akanyanyua mkono.

"Hapana. Ingieni wote, vueni viatu, kaeni. Wataeleza mara moja."

Daktari akavua wa kwanza. Soksi mpya kabisa, bado ina mkunjo wa dukani. Tukaeleza, sote chumba kimoja, na binti wa jirani akizungusha kifuniko katikati yetu.

Baba alipoisikia yote akajikuna kidevu. "Na mna uhakika mnawezana?"

Nikamtazama Daktari. "Tujaribu," nikasema, kwa mazoea.

"Usiniletee ya kliniki, mwanangu," mama mkwe akasema, akitoa mkobani pete iliyokuwa yake. "Hili hatujaribu. Hili tunaanza."