Nani Ametoboa Majani ya Pamba?

Mama Pacha alikuwa akifua nguo za watoto nyuma ya nyumba. Mumewe alirudi kutoka shambani. Hakusalimu. Alitupa tawi la pamba ndani ya beseni, juu ya nguo zilizokwisha kusuuzwa.

"Tazama kazi yako," alisema.

Majani ya tawi lile yalikuwa matundu matupu. Mengine yalichanika kama nguo kuukuu. Vitumba vya maua vilikuwa vyeusi na vikavu. Ukivigusa, vinadondoka.

"Kazi yangu kivipi?" aliuliza Mama Pacha.

"Nilikwambia uokote viwavi kila asubuhi. Sasa wamekula shamba zima. Wewe ulikuwa unapiga soga tu na majirani."

Mama Pacha alisimama. Povu lilimchuruzika mikononi.

"Mimi? Kila asubuhi napita mstari kwa mstari. Pacha mmoja mgongoni, mwenzake kaning'ang'ania nguo. Nimegeuza kila jani. Sijaona kiwavi hata wa dawa! Niokote kitu ambacho hakipo?"

"Kama viwavi hawapo, majani yamejitoboa yenyewe?"

Mama Pacha aliokota lile tawi, akaligeuza huku na huku. Alijua hana kosa, lakini hakujua mwenye kosa ni nani, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Laiti maneno yangeishia pale. Lakini Baba Pacha aliyapeleka kwa kaka yake mkubwa. Jumapili, kaka mkubwa alifika, akakaa, akapewa chai. Kisha akasema mbele ya watoto:

"Shemeji, pamba haitaki mtu wa usingizi."

Mama Pacha alihisi uso unawaka. Tangu aolewe, yeye ndiye wa kwanza kuamka katika nyumba ile. Yeye ndiye huteka maji na kuwasha moto. Leo anaitwa mtu wa usingizi, tena na mtu anayekunywa chai aliyoipika yeye! Aliweka birika mezani kwa kishindo, akaingia ndani.

Kesho yake Baba Pacha alikwenda dukani. Alimwambia muuza dawa kwamba shamba limevamiwa. Yule muuzaji hakuuliza limevamiwa na nini. Alichukua chupa rafuni.

"Hii inaua kila mdudu," alisema.

Baba Pacha akanyunyiza. Hakuvaa glavu. Hakujifunika mdomo. Bomba la mgongoni lilivuja, shati likalowa dawa. Jioni macho yalikuwa mekundu na kichwa kilimgonga. Alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Mama Pacha alimwogesha kwa maji mengi na sabuni, akamvalisha nguo safi, kisha akampeleka zahanati. Hasira ilikuwa pale pale, lakini mume ni mume.

Alipopona, walikwenda shambani pamoja. Majani mapya yalikuwa yanafunguka. Yote yalikuwa na matundu.

"Nitarudia," alisema Baba Pacha. "Safari hii nitazidisha dawa."

"Ujiue!" alifoka Mama Pacha. "Ujiue, halafu waseme nimekuua kwa uvivu!"

Hakungoja jibu. Alikata vichipukizi vichache vya pamba, akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Akaenda moja kwa moja kwenye ghala la pamba. Ofisi ya bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, ilikuwa hapo, pembeni ya mizani.

Bibi shamba alitandika karatasi nyeupe mezani. Akakung'uta kichipukizi kimoja juu yake. Kadudu ka kijani hafifu kalianguka. Kalikuwa na vipapasio virefu kichwani na miguu myembamba. Kalikuwa kadogo kama punje ya mchele. Kakakimbia kuelekea ukingoni. Bibi shamba alikafunika kwa glasi.

"Mwizi wako huyu," alisema.

Mama Pacha aliinama akakodoa macho. "Haka? Haka ndiko kamenitukanisha?"

"Kaa nikueleze."

"Hapana, dada yangu. Usinieleze mimi peke yangu. Mimi sikumtukana mtu. Njoo uwaeleze walionitukana."

Bibi shamba alicheka. Lakini alimtazama usoni, akaacha kucheka.

"Kesho asubuhi nitakuja," alisema. "Jua likiwa bado halijakolea. Likikolea, wanaruka."

Asubuhi walikutana shambani. Baba Pacha alikuwapo. Kaka mkubwa naye aliitwa, akaja huku amenuna. Bibi shamba alitandaza kitambaa cheupe chini ya mche. Akapiga matawi kwa fimbo, taratibu. Tap, tap, tap. Vidudu vya kijani vilimwagika juu ya kitambaa. Vingine vilikuwa na mabawa, vingine havina.

"Mbona sisi hatukuwaona?" aliuliza Baba Pacha.

"Ukikaribia, anahamia upande wa pili wa shina. Ana haya kuliko mkwe."

Kisha akampa lenzi ya kukuzia. "Mtazame chini ya kichwa. Ana mdomo wa namna gani?"

Baba Pacha alitazama kwa muda mrefu. "Hana meno. Ana kitu kama sindano. Amekikunja kifuani."

"Vizuri. Kiwavi na panzi wanatafuna. Huyu hatafuni. Anadunga, anatema mate, kisha ananyonya. Huyu ni kunguni wa mimea."

"Kunguni!" kaka mkubwa alishtuka. "Wa kitandani?"

"Ni jamaa zao. Yule anadunga watu, huyu anadunga mimea. Wa kitandani hana mabawa, lakini wengine wengi wa ukoo huo wana mabawa kama haya. Bawa la juu ni gumu, ila ncha yake ni laini kama ganda la ndani la kitunguu. Ukoo wao ni mkubwa mno. Wapo maelfu ya aina."

"Lakini matundu?" aliuliza Baba Pacha. "Sindano haitoboi matundu makubwa hivi."

"Anadunga jani likiwa changa, bado limejikunja. Alama ni ndogo, huioni. Mate yake yanaua pale alipodunga. Jani likikua, kidonda nacho kinatanuka. Siku unapoliona tundu, mwenyewe alishaondoka zamani. Ndiyo maana mkeo hakuona kiwavi. Hakukuwa na kiwavi."

Mama Pacha alikunja mikono kifuani.

"Na hivi visivyo na mabawa?" aliuliza.

"Ni watoto wake. Kiwavi lazima ajifungie kwanza ndani ya kifuko ndipo awe kipepeo. Mtoto wa kunguni anafanana na mzazi tangu anapoanguliwa. Anavua ngozi mara kadhaa, mabawa yanaota kidogo kidogo. Na mama yao hutaga ndani ya kikonyo laini cha jani. Dawa haiyafikii mayai."

Akaonyesha kadudu kengine kitambaani. "Huyu ni ndugu yao. Ana mdomo ule ule, lakini anadunga vidukari na mayai ya viwavi. Anakulindia shamba bure. Ile dawa ya kuua kila mdudu inaua na walinzi wako. Usinyunyize kabla hujajua unanyunyizia nani."

Kaka mkubwa alikohoa. "Basi, tumejua. Yaishe."

"Hayaishi!" Mama Pacha alisema. "Mlinitukana kwa maneno, tena mbele ya wanangu. Leo mnataka kuniomba radhi kwa kikohozi?"

Bibi shamba alijifanya anakunja kitambaa.

Baba Pacha alivua kofia. "Nimekukosea, mke wangu. Nilihukumu kabla ya kuchunguza. Na watoto nitawaambia mwenyewe."

Kaka mkubwa aliangalia viatu vyake. "Nami nisamehe, shemeji."

Tangu siku ile walifuata njia nyingine. Walipiga matawi juu ya kitambaa kila wiki, asubuhi, wakahesabu kunguni. Wakiwa wachache, waliwaacha. Pamba inaweza kuotesha vitumba vingine. Walipoongezeka, bibi shamba aliwaelekeza dawa inayofaa na kipimo chake. Baba Pacha alitengeneza bomba lililokuwa linavuja, akavaa glavu, buti na kifunika mdomo. Kabla ya msimu uliofuata, waling'oa magugu ya pembeni mapema, maana kunguni hujificha humo wakisubiri pamba. Majani mapya yalifunguka mazima. Vitumba vikawa maua, maua yakawa vitunda, vitunda vikapasuka vyeupe.

Siku moja, wakiwa katikati ya kuvuna, kaka mkubwa alikuja mbio.

"Maharage yangu yanapukutisha maua," alilalamika. "Yule mke wangu kazembea palizi, namjua..."

Mama Pacha alifungua mdomo. Lakini mumewe alimtangulia.

"Kaka," alisema Baba Pacha, "umechunguza, au umeanza na matusi?"

Kaka mkubwa aligeuka, akarudi nyumbani kumwita mkewe, waende shambani wakatazame pamoja.