Ukuta Uliopinda kwa Makusudi

Watu wawili wameshika pakiti moja ya maputo, kila mmoja na ncha yake, na hakuna anayeachia. Jumamosi, saa sita mchana, duka la mapambo ya sherehe limefurika hadi mlangoni. Maua ya plastiki yanawagusa watu vichwani, mtoto wa mtu analia, mwenye duka anajibu wateja watatu kwa mpigo.

Dada amevaa jinsi yenye vumbi la saruji, buti za kazi, shati la mistari limekunjwa mikono, na kwenye nywele kachomeka penseli kama wenzake wanavyochomeka ua. Kaka naye shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, tai ya zambarau, viatu vinang'aa. Mzuri? Mzuri jamani, tusifichane.

"Dada, samahani, pakiti hii nimeishika mimi."

"Wewe umeigusa. Kuishika ni hivi." Akaivuta.

"Nina harusi saa nane!"

"Hongera. Bi harusi anajua uko huku unagombana na wanawake?"

"Si harusi yangu! Ya mwanakwaya wangu. Kwani wewe una sherehe gani?"

"Sina sherehe. Naenda kuyapasua."

"Kuyapasua?"

"Moja moja."

Kaka akamwangalia kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Pole, dada. Nani kakuudhi?"

Dada akacheka, meno yote nje. Akachomoa puto moja, akalipuliza mpaka likawa kubwa kuliko kichwa chake, akachomoa penseli nyweleni. Pa! Duka zima likaruka. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

"Hilo utalilipia!" mwenye duka akapiga kelele.

"Nitalilipia! Kaka, umesikia? Sauti imekufa hapo hapo. Mapazia yameimeza. Sasa ukilipasua puto hili kwenye ukumbi wa vigae vitupu, litakujibu mpaka ukome. Mimi nachora majengo. Nataka kusikia kanisa la zamani linaumwa nini kabla sijachora jipya."

"Kanisa lipi?"

"Lile la bati la kijani, nyuma ya stendi."

Kaka akaachia pakiti. Kabisa. "Dada, pale mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Nenda kapasue. Pasua yote. Utalia mwenyewe."

Maputo wakagawana nusu kwa nusu, na namba za simu wakapeana. Kwenye simu yake kaka akaandika "Bi Ramani." Dada akaandika "Mwalimu," halafu akafikiri, akaongeza "tai ya zambarau," kana kwamba angemsahau.

Jumatatu Bi Ramani akapasua puto la kwanza kwenye kanisa la bati, Mwalimu kasimama pembeni. Mama yangu! Sauti ilizunguka mule kama nyuki aliyefungiwa ndani ya debe. Akapiga makofi, yakarudi. Akaita, akaitwa.

Benchi la mwisho alikuwa amekaa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka kuliko wa askari. Kwaya nzima inamwita Bibi Sauti ya Pili, kwa sauti anayoimba; mahubiri yakianza hurudi huku nyuma kukaa.

"Mjukuu wangu," akasema, "unapima nini na maputo?"

"Napima kelele, bibi. Unasikia vizuri ukiwa hapa nyuma?"

"Kusikia? Miaka sita nasema amina kwa kubahatisha."

Mwalimu akacheka. Bi Ramani hakucheka. Akafungua daftari, juu kabisa ya ukurasa akaandika: *Bibi asibahatishe.* Akaipigia mistari miwili.

Ndivyo mchoro ulivyozaliwa. Siku ya kwanza kumwonyesha Mwalimu, kwenye ofisi ndogo ya Bi Ramani juu ya duka la viatu, karatasi ilijaa meza nzima na vichwa vyao karibu vigongane.

"Mbona kuta zako zimepanuka hivi? Mbele nyembamba, nyuma pana."

"Kama nini?"

"Kama... mdomo wa tarumbeta!"

"Ndiyo maana nakupenda," akasema, kisha akajishika mdomo. "Namaanisha, unaelewa haraka."

"Rudia ile ya kwanza."

"Sikiliza wewe! Kuta mbili zikiangaliana sawasawa, sauti inachezewa katikati kama mpira wa watoto wawili wabishi. Hakuna anayeutoa. Lakini ukuta ukipinda kidogo, sauti inateleza kwenda mbele, benchi hadi benchi, mpaka kwa bibi. Na huku nyuma naweka matofali yenye matundu, yameze mabaki. Kwaya yako haitahitaji spika hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Tangu siku hiyo simu zikawa haziishi. Anampigia asubuhi akinyoa ndevu, anampigia mchana akila.

"Bi Ramani wangu, sikiliza hii." Halafu anaimba.

"Uko bafuni."

"Umejuaje?"

"Bafuni kila mwanaume malaika, mpenzi. Nitakuamini siku utakayoimba uwanjani."

Sasa, palipo na asali hapakosi nyuki. Nyuki mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee wa suti ya vipande vitatu hata jua likiwa utosini, kalamu mbili mfukoni. Ni mjomba wa Mwalimu, tena si mjomba wa salamu tu. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa, akamsomesha, akamnunulia kinanda cha kwanza. Mwalimu hajawahi kumwambia hapana. Hata kuhusu chumvi kwenye chakula.

Siku kuta zilipofika kiunoni, Mjomba alizunguka kiwanja mara mbili, mikono nyuma.

"Binti, huu ukuta umelewa?"

"Hapana mzee. Umepinda kwa makusudi."

"Watu watasema hatukuwa na kamba ya kunyooshea! Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wajinga."

"Ukuta nimeshaujenga, Mwenyekiti. Ufa ni huu mnaonitafutia."

Fundi mkuu akageuka pembeni akajifanya anakohoa. Mjomba akachomoa kalamu moja, akaandika kitu. Na wewe unamjua mzee anayeandika.

Mwezi uliofuata dada yake Bi Ramani alijifungua mapacha. Mama mdogo mtu akapanda basi, akakaa kule wiki nzima akifua nepi na kubembeleza wawili kwa zamu. Aliporudi, alishukia kiwanjani moja kwa moja na begi begani.

Akasimama getini, begi likaanguka.

Nusu ya mbele ya kanisa, upande wa madhabahu, kuta zote mbili zilikuwa zimebomolewa na kujengwa upya. Zimenyooka. Zinaangaliana uso kwa uso, zimeshapita kichwa cha mtu. Nusu ya nyuma tu ndiyo ilibaki ya kwake.

"Fundi! Nani kakwambia?"

"Dada, usinikaange bure." Fundi mkuu akachomoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Kamati imekaa. Wanasema kuta zikinyooka mbele, kwaya inapata viti arobaini zaidi. Na kwaya imekubali. Ona mwenyewe."

Chini kabisa palikuwa na saini ambayo Bi Ramani angeitambua hata gizani, yenye mkia unaopinda juu kama alama ya nota.

Akapiga simu palepale, katikati ya mchanga.

"Umerudi, laazizi! Mapacha—"

"Umesaini wewe?"

"Mapacha wanaendeleaje?"

"Nakuuliza. Umesaini?"

"Mjomba aliniita. Akaniambia viti arobaini. Wewe unajua wanakwaya wangu nusu wanaimba wamesimama, wengine wazee. Nikaona ni hatua chache tu za ukuta—"

"Hatua chache! Na simu uliyoishika hapo ni ya kuimbia bafuni tu? Ulishindwa kuniuliza?"

"Ulikuwa na wagonjwa..."

"Dada yangu kazaa, hakuugua! Umeuza sauti ya kwaya yako kwa viti, Mwalimu. Sasa wakalishe. Wakae raha mustarehe, wasisikike." Akakata.

Mwalimu alipiga mara kumi na saba. Hakupokea. Akatuma maua ya kwenye simu, akatuma samahani, akatuma wimbo. Bi Ramani aliligeuza jina lake kwenye simu likawa "Viti Arobaini," kisha akalia mpaka penseli ikaanguka nyweleni.

Siku ya tisa ukaja ujumbe wa sauti, sekunde sita. Kidole kikamsaliti, akaufungua. Hapakuwa na maneno. Kofi moja tu, na nyuma yake: ta-ta-ta-ta-ta-ta. Kama mtu anakimbia juu ya bati.

Halafu wa pili. "Nimesimama katikati ya kuta nilizosaini. Tumejaribu kuimba hapa leo. Sauti ya tatu imepotea njia, sauti ya nne imeingia mapema, mimi mwenyewe sijui nilikuwa wapi. Bi Ramani, nimeharibu. Sikuombi unijibu."

Hakujibu. Lakini aliusikiliza mara nne.

Jumamosi kamati ikamwita kiwanjani. Alikuja na buti zake zilezile na gauni jekundu lisilomwogopa mtu. Chini ya turubai wazee sita walikuwa wamekaa, mchoro mpya mezani, kuta zimenyooka kama rula.

"Binti," Mjomba akaanza, taratibu, "saini hapa, kazi iendelee. Ukikataa, tutatafuta msanifu mwingine. Wako wengi."

"Wako wengi, Mwenyekiti. Tafuteni. Lakini mpaka mumpate, mwenye jina kwenye kibali cha manispaa ni mimi, na bila saini yangu hapapandi tofali."

"Unatutisha?"

"Nakataa. Ni vitu viwili tofauti. Naweza kuwachorea mnara, naweza kuwachorea bustani. Kanisa ambalo bibi wa nyuma hasikii, siwachorei hata mkinishikia bango barabarani."

"Kiburi!"

"Kiiteni mnavyotaka. Kalamu sishiki."

Hapo getini pakasikika nyayo. Nyayo nyingi. Kwaya nzima ikaingia na sare zake za Jumapili, siku ya Jumamosi, Mwalimu mbele na tai ya zambarau. Mkononi kashika maputo mawili makubwa. Ya pakiti ileile. Yalikuwa yamebaki kwenye harusi.

Moyo wa Bi Ramani ukapiga kofi. Akaununia.

"Wewe unatafuta nini hapa?" Mjomba akauliza.

"Nimekuja kufuta saini yangu, mjomba."

"Nani kakutuma? Huyu?"

"Huyu hata simu yangu hapokei." Akamsogelea mzee. "Mjomba, ulinipa kinanda nikiwa na miaka tisa. Ukaniambia nisikilize kabla sijabonyeza. Safari hii nilibonyeza bila kusikiliza. Leo naomba usikilize wewe. Dakika moja tu."

Akaenda kusimama mbele, katikati ya kuta zilizonyooka. Pa! Ta-ta-ta-ta-ta. Wazee wakageuza shingo kulia, kushoto, kulia, kama wanaangalia mechi.

Akatembea hadi nyuma, kati ya kuta zilizopinda. Pa.

Basi. Pa, ikaenda zake.

Fundi mkuu akavua kofia. "Lo! Kumbe mlevi nilikuwa mimi."

"Puto si wimbo," Mjomba akasema, lakini sasa alikuwa amesimama.

Bibi Sauti ya Pili akajitoa kwenye mstari, akajishika kiuno. "Mwenyekiti, mwanangu, viti arobaini ni vya nani?"

"Vyenu, mama. Mkae."

"Mimi nimekaa miaka sita. Kukaa nimeshajua. Nataka kusikia kabla sijafa. Ukinyoosha ukuta huo, naimba nimesimama barabarani, na hawa wote nawachukua."

"Tunakwenda!" sauti ya tatu ikajibu, yote kwa pamoja, na safari hii haikupotea njia.

Mjomba aliangalia kuta. Akamwangalia mpwa wake muda mrefu, kama anamwona amerefuka ghafla. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ukuta ni mbaya," akasema. "Nitasema hivyo mpaka kaburini." Akasukuma mchoro mpya ukaanguka chini ya meza. "Fundi, bomoa."

Makelele yaliyotoka hapo hayakuhitaji ukuta wa aina yoyote.

Mwalimu alimfuata Bi Ramani mpaka kwenye lundo la mchanga.

"Sijakusamehe," akamwambia kabla hajafungua mdomo.

"Najua."

"Usifikiri tai hiyo itakusaidia."

"Najua."

"Viti arobaini nitavipanga kwa ngazi, nyuma ya madhabahu. Vilikuwepo tangu mwanzo. Ungeuliza."

"Ningeuliza," akasema. "Nitauliza maisha yangu yote."

Bi Ramani akatoa simu, mbele ya macho ya Mwalimu akafuta "Viti Arobaini." Akaandika "Mwalimu." Lile la tai akalizuia kwanza.

Miezi minane baadaye, Alhamisi mchana kabla ya Jumapili ya ufunguzi, kanisa lilikuwa linanukia mbao mpya na vanishi. Akina mama wanapiga deki, Bibi Sauti ya Pili yuko kwenye ngazi za kwaya anakunja vitambaa. Bi Ramani kakaa benchi la mwisho kabisa, kavua buti, anaangalia kuta zake zilivyopinda. Jiwe la msingi halikuandikwa jina lake. Mjomba alilisahau, kwa makusudi. Bi Ramani alicheka tu. Jina lake lilikuwa kila mahali mle.

Mwalimu akasimama mbele, kwenye madhabahu, mikono mfukoni.

"Bi Ramani," akasema. Sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeomba maji.

"Naam."

"Unanisikia?"

"Kila herufi."

"Basi sipigi goti wala sisogei. Nataka ukuta wako uniletee jibu. Utakubali nikuoe?"

Deki zikasimama.

Bi Ramani akapanga kumtesa kidogo. Akainama, akafunga kamba ya buti la kulia. Akafunga la kushoto. Halafu akanong'ona, hata mwenzake wa benchini asingesikia kama angekuwepo: "Nakubali. Na tai uje nayo."

Kule mbele kabisa Mwalimu akaruka kama mtoto.

Kwenye ngazi za kwaya bibi akaweka vitambaa chini, akainua mikono.

"Amina!" akasema. "Na hii sijabahatisha!"