Upande Unaovuja

Jumapili soko letu la Kibuye, hapa Kisumu, hujaa mpaka mtu anakanyaga kivuli cha mwenzake. Owiti alikuwa juu ya kreti ya soda, bereti nyekundu kichwani, akiwaunguza wakubwa wa mji kwa maneno.

"Minofu ya samaki wetu, mbuta, inapanda ndege! Sisi tunauziwa mifupa, tunaiita mgongo wazi, na tunasema asante!"

"Wewe baba wa maneno, shuka kwa kreti yangu."

Aligeuka. Msichana wa leso ya kijani, beseni la samaki kiunoni, macho hayana hofu.

"Mama, natetea haki zako!"

"Zitetee ukiwa chini. Na mimi si mama yako, naitwa Dorca."

Watu walicheka, na Owiti akacheka kuliko wote. Jioni alimfuata hadi kibanda chake cha kukaangia samaki, mtaani Manyatta. Kuanzia hapo ikawa ada: Dorca humkaangia mgongo wazi, humnawisha kwa maji ya uvuguvugu, na Owiti huongea. Aliongea juu ya ardhi, juu ya ziwa, juu ya mabwana waliokula mji tangu enzi za babu zetu. Dorca alimwita Jakom, mwenyekiti, kwa kumtania. Yeye alimwita jaber, mrembo wake.

Kisha tingatinga likaja alfajiri na kulaza vibanda vyote. Hatujasahau, wala hatutasahau.

Kwenye mkutano wa hadhara mtaani Kaloleni, Owiti aliwataja waliovunjiwa, mmoja mmoja: kinyozi, fundi viatu, hata muuza njugu. Dorca alikuwa ameketi mbele na gauni lake jipya la kitenge, akingoja. Makofi yalipigwa. Jina lake halikutoka.

Siku zilizofuata Owiti alizunguka na mikutano. Alipopita nyumbani kwa Dorca, mlango ulikuwa na kufuli. Akapiga simu.

"Jaber, uko wapi?"

"Asembo Bay, kwa mama mdogo. Naanika omena."

"Bila kuniaga?"

"Nilikuaga. Ulikuwa unahutubia."

"Ni kwa sababu sikukutaja? Dorca, wewe ni wangu. Ningekutajaje kama watu wengine?"

"Haya. Nikuulize kitu. Kibanda changu kilikuwa na paa la nini?"

Owiti alifikiri. "Mabati."

"Turubai, Jakom. Kuukuu. Mvua ikinyesha nilisimama upande unaovuja ndio wewe ukae pakavu. Mwaka mzima. Lala salama."

Simu ilikatika. Mtu huyu aliyekumbuka kila ekari iliyoibwa hakukumbuka hata nguo aliyovaa Dorca walipoonana mara ya mwisho. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilimfuata kila kichochoro. Alipotoa mikono mbele ya muuzaji mwingine, alionyeshwa mtungi: "Jinawishe, bwana." Alijinawisha mwenyewe, kwa maji baridi.

Asubuhi moja alishuka Asembo Bay, ufukweni mwa ziwa. Wanawake walikuwa wameinama juu ya nyavu, wakigeuza omena, dagaa wa ziwa, mchangani. Dorca alimwona lakini hakusimama.

"Umeleta hotuba?"

"Hapana."

"Kisumu sirudi."

"Nimesikia."

Owiti alivua viatu, akapiga magoti upande wa pili wa wavu, akaanza kugeuza. Kazi ile hakuiweza.

"Dorca!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mgeni wako kameza ulimi?"

Walicheka. Owiti aliendelea kugeuza, akimtazama: mgongo wa mkono una kovu la mafuta, kucha zimefupika, na shavu limeingia ndani.

"Naweza kukuuliza?" alisema kwa sauti ya chini.

"Uliza."

"Ukishamaliza kulisha watu, wewe huwa unakula nini?"

Mikono ya Dorca ilisimama.

"Hilo swali," alisema, "hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Akaanza kujibu, polepole, kuanzia utotoni. Alijibu mpaka omena ikakauka upande mmoja, na Owiti hakumkatiza.