Nyumba Aliyoitaka Siyu

Mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani, shoga yangu Mwanamkisi alivuka kutoka Amu hadi Siyu kutafuta nyumba. Binti yake alikuwa ametoka katika homa ndefu, naye alitaka wakapumzike mwezi mzima kando ya mto wa maji ya bahari, mtoto apate hewa na ashibe samaki.

Nyumba aliyoipenda ilikuwa ya mawe, mlango wake wa nakshi ukiangalia mtoni. Bwana Gharib, aliyeshika ufunguo, alifungua lakini hakuvuka kizingiti.

“Bi Mwanamkisi, tafuta nyengine. Hii watu hawakai.”

“Kwa nini?”

“Hawakai tu.”

“Basi nitakaa mimi,” akasema, akaingia.

Jua lilikuwa la adhuhuri, lakini chumba cha ndani hakikuwa na dirisha, na kiza chake kilikuwa kizito hata mkono wake hakuuona. Akasimama macho yazoee. Ndipo akasikia ufagio: shaa, shaa, polepole, kwenye sakafu ya chokaa mbele yake.

“Nani?”

Ufagio ukanyamaza. Aliniambia alikumbuka binti yake alivyokonda, na hasira ikaishinda hofu. Akasoma bismillahi, akajishika kiuno.

“Fagia umalize,” akasema kwa sauti. “Jumatatu naja na mwanangu, na sitoki mpaka mwezi uishe.”

Kisha ufagio ukaanza tena, kwa haraka, na pembeni yake ukaanza wa pili.